Marehemu Yumo Ndegeni

Sehemu ya tisa

Jeneza lilikuwa tupu.

Najua wapo waliokosa raha wiki nzima. Yupo hata aliyenitumia salamu kupitia kwa muuza magazeti wa Msamvu, eti kama nimemuua Mzee Fransisko niseme mapema asipoteze hela yake kwa toleo la leo. Ndugu yangu, tulia. Mzee Fransisko alikuwa hai, amekaa kiti cha mbele cha ndege, amefungwa mkanda, bakora yake mkononi, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza lile jeneza ni la nani.

"La kwako," akajibiwa.

Aliyemjibu alikuwa Mzee Salehe, mnyapara mstaafu wa reli, Mnyamwezi mwenye tumbo la kuheshimika. Wenzake wa reli walilitua jeneza mbele ya ndege, katikati kabisa ya njia ya kurukia, wakavua kofia.

"Mimi sijafa," alisema Mzee Fransisko.

"Hawa Waluguru hata wakifa ni wabishi," Mzee Salehe akawaambia wenzake. "Nileteeni godoro nikae. Huu msiba utachukua muda."

Kwa wewe uliyedandia njiani, mambo yako hivi. Bwana Sufiani, ambaye juzi juzi tu alikuwa akiuza mitumba, sasa ana kiwanda cha magodoro Kihonda. Siku hizi kila kitu ruksa, na kila mwenye biashara anatafuta namna ya kupiga kelele kuliko jirani yake. Sufiani akakumbuka kwamba karibu na Kingolwira, kwenye shamba la mkonge lililoachwa na Mgiriki, kuna ndege ya kizamani yenye mabawa ya ghorofa mbili, imelala bandani na kuku wanatagia humo. Akawahamisha kuku. Akatangaza maonyesho ya ndege ya kale, kwa hisani ya Godoro la Mawingu, pamoja na bahati nasibu ambayo mshindi wake angerushwa bure juu ya Milima ya Uluguru.

Mshindi akawa Mzee Fransisko wa Kinole, huko huko milimani.

Kasoro ilikuwa ndogo tu. Ndege haikuwa na breki. Na njia yake ya kurukia, iliyochongwa na Mgiriki enzi ambazo gari likipita watoto wanatoka mbio kulitazama, iliishia kwenye mtaro. Ng'ambo ya mtaro ni barabara kuu ya Dar es Salaam, na siku hizi hapo panapita mabasi, malori ya mafuta, na akina mama wamepanga nyanya zao pembeni mpaka zinakaribia kugongwa.

Sufiani aliulizwa kuhusu usalama. Akapanga magodoro yake kando ya mtaro, yamesimama wima ndani ya nailoni zake, akayaita ukuta wa usalama. Kisha akatafuta mtu wa kumwita mkuu wa usalama, akampata Rosa.

Rosa aliwahi kuwa mlinzi wa kizuizi cha reli pale Kihonda kabla hajapunguzwa kazi. Ana filimbi yake mwenyewe na kibendera chekundu. Na ni mpwa wa Mzee Fransisko, mtoto wa marehemu dada yake.

Alipogundua nani atakayekaa kwenye kiti kile, Rosa alimwomba mjomba wake asiende. Alimwomba nyumbani, akamwomba njiani, akamwomba mbele ya katekista. Mzee akakataa. Na katika Uluguru, mpwa hamwamrishi mjomba. Mkewe hamwezi, padri humwomba tu. Anayeweza kumsimamisha mjomba wa Kiluguru hadharani ni mmoja, naye ni mtani. Unajua Mnyamwezi ni nani kwa Mluguru: msibani atalala mbele ya jeneza, atabeba sufuria, atamtukana marehemu na wafiwa wake, na hakuna wa kumgusa mpaka akombolewe kwa zawadi.

Ndiyo maana Rosa alimfuata Mzee Salehe, ambaye walifanya kazi naye reli, akamwomba aje aizuie ndege.

Hakumwomba jeneza.

Sasa alimvuta pembeni. "Mzee wangu, hili sanduku umelitoa wapi?"

"Kwa seremala. La mteja wake mmoja ambaye bado anapumua, kasema tulirudishe jioni."

"Nilikuomba uchekeshe watu kidogo, ndege ichelewe, jua lizame, basi."

"Binti, ukimwita mtani usimpangie mzigo wa kubeba. Hebu nijibu. Jana mjomba wako hakuita ukoo?"

"Aliita."

"Akagawa shamba, redio na mbuzi?"

"Aligawa."

"Katekista akamwombea?"

"Alimwombea."

"Sasa mtu ameshagawa vitu, ameshaombewa, kabakiza nini? Kulala tu. Msiba uko wazi tangu jana, nyie ndio mmechelewa kulia."

Rosa alijua amefungulia ng'ombe asiowaweza. Mzee Salehe alikuwa ameshakaa juu ya godoro, anajikuna.

"Mbona linawasha?" aliuliza.

"Upya huo," mwenzake akamjibu.

Mara Bwana Sufiani akafika, suti ya kijivu, kipaza sauti mkononi, jasho shingoni. Nyuma yake alikuja Kapteni Jastin, rubani, mtu mwembamba aliyewahi kupiga dawa ya kwelea kwelea zamani na ambaye tangu hapo hajarusha chochote zaidi ya kofia yake.

"Dada Rosa, hawa ni nani kwenye kiwanja changu?"

"Watani wa mjomba, Bwana Sufiani."

Sufiani alishusha kipaza sauti. Angekuwa mtu wa mbali angewaita askari. Lakini Sufiani ni Mluguru wa mjini, bibi yake kazikwa Matombo, na anajua vizuri kinachompata anayemsukuma mtani msibani. Akatabasamu kwa shida.

"Karibuni, watani. Mnataka nini ili mpishe?"

"Tukomboeni," alisema Mzee Salehe. "Jogoo mmoja, na kila mtu godoro lake aende nalo nyumbani."

"Jogoo nitawapa wawili. Godoro hapana."

"Una kiwanda kizima."

"Nimesema godoro hapana. La kukalia, kalieni. La kuondoka nalo, hapana."

Mtu ana kiwanda cha magodoro, anakataa kutoa godoro. Rosa aliliona hilo kuwa la ajabu, lakini hakupata nafasi ya kulifikiria, kwa sababu barabarani mambo yalikuwa yameanza kuharibika.

Basi la kutoka Msamvu kwenda Dar lilikuwa limesimama. Dereva alichungulia dirishani, akaona jeneza, akazima injini.

"Nani kafariki?" alimuuliza muuza nyanya.

"Wanasema Mzee Fransisko wa Kinole."

"Yule mwenye bakora? Juzi tu nilimpakia."

"Ndiyo hivyo."

Dereva akawageukia abiria. Jamani, alisema, kuna msiba hapa, na mimi siwezi kupita msiba kama napita shimo. Abiria wakashuka. Wanawake wakajifunga khanga kiunoni, wakaanza kulia, wa kwanza kwa heshima, wa pili kwa kumsikia wa kwanza. Lori la mafuta likasimama nyuma ya basi. Nyuma ya lori likasimama gari la mchanga. Wauza nyanya nao wakaacha nyanya zao wakaja, na watu wote hao wakajazana pale pale kwenye ncha ya njia ya ndege, nyuma ya ukuta wa magodoro.

Rosa alileta watani ili ndege isiende barabarani. Watani wameileta barabara kwenye ndege.

Akakimbia, akapuliza filimbi, akapunga kibendera chekundu. "Tokeni hapo. Rudini kwenye basi. Ndege haina breki hii."

Watu walidhani ndio utaratibu wa kumuaga marehemu. Wakapanga mstari.

"Tunaanzia kulia au kushoto?" mama mmoja aliuliza.

Rosa akageuka, akarudi mbio kwenye ndege. Kama watu hawaondoki, basi mjomba aondoke. Akapanda kwenye bawa la chini, akamshika mkono mzee wake.

"Mjomba, shuka. Nakuomba."

Mzee Fransisko alikuwa amevaa kofia ya ngozi ya Mgiriki na miwani yake mikubwa. Alimtazama mpwa wake kupitia vioo vile.

"Umeniletea watani, Rosa."

"Ndiyo."

"Ukawaambia nimekufa."

"Hilo walijiambia wenyewe."

"Sikiliza, mwanangu. Shamba la ukoo wetu lina ugomvi tangu mimi sijazaliwa. Kijito cha mpakani kimehama, mawe yamefunikwa na udongo, kila mwaka tunakaa baraza, kila mwaka tunarudi na matusi. Nikifika juu nitaliona lote limetandikwa kama mkeka. Nitaona kijito cha zamani kilipita wapi. Nikishaona, hata nikifa nitakuwa na jibu."

"Ndiyo ninayoogopa, mjomba. Hiyo ya kufa."

"Kila mtu atakufa."

"Si kwa kutangaza godoro."

Rosa alipokuwa mdogo akiugua surua, mzee huyu alimbeba mgongoni kutoka Kinole hadi hospitali mjini, mvua inanyesha, akimwimbia nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya kuliko zote kwenye kwaya. Rosa hakuwahi kuwa na baba mwingine. Alimpenda sana, na sasa alikuwa anamwona amekaa kwa heshima zote kwenye kifo chake, amefunga mkanda.

"Mkuu wa usalama, shuka hapo," Sufiani aliita. "Unachelewesha maonyesho."

"Bwana Sufiani, barabarani kuna basi zima la watu."

"Ndiyo maana ya maonyesho. Ulitaka nionyeshe mkonge?" Akamgeukia rubani. "Kapteni, washa. Hawa wakisikia mngurumo watatoka wenyewe. Mnyamwezi na ndege wapi na wapi."

Kapteni Jastin alikuna kichwa. "Bosi, hii inawashwa kwa kuzungusha pangaboi kwa mkono. Siwezi kuwa mbele nazungusha na wakati huo huo niko ndani."

"Magurudumu si yamezuiwa na magogo?"

"Yamezuiwa."

"Sasa?"

Jastin akamwambia Mzee Fransisko asiguse kitu chochote humo ndani. Mzee akasema hagusi, yeye ameshika bakora yake tu. Jastin akamwomba aiache bakora chini. Mzee akasema hajawahi kwenda mahali bila bakora na haanzi leo. Jastin akaona asigombane na mtu mzima, akashuka, akaenda mbele. Kosa la kwanza likawa limeshafanyika na hakuna aliyeliona.

Rosa alilazimishwa kushuka kwenye bawa. Alisimama kando, kibendera mkononi.

Jastin akalishika pangaboi, akalivuta. Injini ikakohoa. Akavuta tena. Ikapiga chafya, ikatoa moshi mweusi na manyoya ya kuku. Akavuta mara nyingine, na ndege ikaunguruma mpaka nyanya zikatikisika kwenye matenga.

Watani hawakukimbia.

Badala yake Mzee Salehe alijilaza chali juu ya godoro, mbele ya jeneza, mikono kifuani. Wenzake wakajilaza pembeni yake. "Marehemu hapiti," alipiga kelele kuushinda mngurumo. "Tukomboeni kwanza."

Umati wa barabarani ulishangilia. Sufiani naye, mfanyabiashara ni mfanyabiashara, akanyanyua kipaza sauti: "Mnaona wenyewe, wananchi. Hata mbele ya ndege mtu analala usingizi. Godoro la Mawingu."

Sasa msomaji, shika moyo. Katika kazi ya utani kuna jambo moja ambalo mtani hawezi kuliacha, nalo ni kukamata mali ya marehemu. Ukifika msibani unakamata kitu, kiti, jembe, sufuria, unakificha, mpaka wenyewe waje kukikomboa. Usipokamata, umekuja kufanya nini. Mzee Salehe alikuwa amemwachia kazi hiyo mwenzake mmoja, fundi wa mataruma ya reli, ambaye alizunguka ndege akitafuta mali ya Mzee Fransisko na hakuona hata kikapu. Kila kitu kilikuwa cha Mgiriki. Vitu pekee vilivyokuwa vimelala bila mwenyewe ni magogo mawili mazuri ya mninga, yaliyowekwa mbele ya magurudumu.

Akainama, akayachomoa, akayaweka begani.

"Nimekamata mali ya marehemu," alitangaza kwa furaha.

Rosa alimwona. Alipuliza filimbi mpaka masikio yakamuuma.

Ndege ikasogea kidogo, kama inafikiria. Mzee Fransisko alihisi mtikisiko, akakaza mkono kwenye bakora ili ajishikilie, na ncha ya bakora ikausukuma mkono wa mafuta mpaka mwisho.

Jastin akaruka pembeni. Watani waliokuwa wamekufa wakafufuka wote kwa pamoja. Mzee Salehe, na lile tumbo, alipita juu ya jeneza bila kuligusa, na mpaka leo watu wa reli wanabishana alifanyaje. Gurudumu la ndege likalipiga jeneza, likalitupa majanini. Na ndege ikashika njia, ikaongeza mwendo, moja kwa moja kuelekea barabarani, ndani yake hakuna rubani, yumo Mzee Fransisko peke yake.

"Ameondoka," mama mmoja barabarani alisema, akaanza kulia upya.

Watu wale hawakukimbia. Walikuwa wamepanga mstari, na hakuna aliyetaka kupoteza nafasi yake.

Rosa alitupa kibendera. Alikimbia kuliko alivyowahi kukimbia, akaidaka ncha ya bawa la chini, akaning'inia. Viatu vyake vikalima udongo. Hakuwaza habari ya usalama wala ya Sufiani, alikuwa anawaza sauti mbaya ikiimba kwenye mvua.

Ndege ikainama upande wake. Ikapinda kidogo. Haikutosha. Basi lilikuwa linazidi kuwa kubwa mbele yao.

"Watani," Rosa alipaza sauti akiwa ananing'inia, "maiti wenu anatoroka."

Hilo Mnyamwezi hawezi kulivumilia. Mzee Salehe alikuja mbio anahema, akalirukia bawa, na uzito aliokuwa anachekwa nao miaka yote ukafanya kazi. Wenzake wakajitundika nyuma yake. Ndege ikapinda kabisa, ikageuka kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi, mkia ukafagia hewa, na chuma chake cha mkiani kikaupitia ukuta wa magodoro kutoka mwanzo hadi mwisho, kinachana. Vumbi likapanda. Ndege ikazunguka tena, na tena, Waluguru wakilia, Wanyamwezi wakining'inia, mpaka Kapteni Jastin alipoipata kwa upande wa pili, akarukia ndani, akazima.

Kukawa kimya.

Rosa aliachia bawa akaanguka kwa magoti. Akainuka, akapanda, hajali sketi imechanika. "Mjomba. Mjomba, uko salama?"

Mzee Fransisko alikuwa amekaa vile vile. Macho ameyafumba kabisa nyuma ya ile miwani. Akafumbua jicho moja.

"Tumeshashuka?" aliuliza.

Rosa hakuelewa. "Tumeshashuka wapi?"

"Kutoka juu. Nilisikia tunazunguka. Nilifumba macho, mwanangu, nakiri. Niliogopa. Sikuuona mpaka hata kidogo." Sauti ilimkatika. "Nimefika juu ya Kinole na sikufumbua macho."

Rosa alicheka na kulia kwa wakati mmoja, akamkumbatia shingoni na kofia yake ya ngozi. Hakumwambia kwamba magurudumu hayakuachana na ardhi. Siku nyingine angemwambia.

Mzee Salehe alikuwa amekuja, anajifuta jasho kwa kofia. Sasa alizungumza kwa sauti ya kweli.

"Fransisko, mtani wangu, sikia neno. Tumekulilia, tumekulalia njiani, tumekukimbiza, na tumekurudisha. Mtu aliyerudishwa na watani ni wetu. Ndege hupandi tena mpaka tuseme sisi, na sisi hatutasema. Utakufa kitandani kwako, mkono umeshikwa na mpwa wako. Umesikia?"

Mjomba alimtazama, akamtazama Rosa. Yeye, ambaye hakuwahi kumtii mkewe wala padri, akainamisha kichwa.

"Nimesikia, mtani."

Rosa alikuwa amelipata alilolitaka. Mjomba wake angeishi, na hakuna bahati nasibu itakayomtoa tena mikononi mwa Wanyamwezi. Ningekuwa mtu mwenye huruma, hadithi ningeiishia hapa.

Lakini kule kwenye mtaro mama mmoja aliokota kitu kilichotoka kwenye godoro lililochanika. Akakinusa. Akakivuta, kikawa kirefu.

"Hii si sponji," alisema. "Huu ni mkonge."

"Mkonge gani?"

"Makapi ya mkonge. Haya haya tunayowashia moto huku."

Watu wakasogea. Kila mtu akaokota lake. Dereva wa basi, ambaye alinunua Godoro la Mawingu mwezi uliopita na tangu hapo mkewe anajikuna, alianza kukunja mikono ya shati taratibu.

"Bwana Sufiani," aliita. "Hebu njoo mara moja."

Sufiani aliuona mkonge mikononi mwa watu wote wale. Akaiona na ndege, nzima kabisa, haina hata mkwaruzo. Akili yake ya mitumba ikafanya kazi haraka: umati ukitazama chini ameisha, ukitazama juu amepona. Akanyanyua kipaza sauti.

"Wananchi, maonyesho hayajaisha. Ndege inaruka sasa hivi. Kapteni, geuza."

"Inaruka na nani?" Mzee Salehe alimuuliza. "Huyu tumeshamkataza."

"Huyu ni marehemu, si ndiyo?" alisema Sufiani. "Ninyi wenyewe mmesema. Wosia kauacha, kaombewa, kaliliwa na basi zima. Mimi ni Mluguru, sibishani na watani. Amekufa." Akaitoa mfukoni tiketi ya bahati nasibu ya Mzee Fransisko, akaiinua juu kila mtu aione. "Sasa mali ya marehemu ina mrithi. Na kwetu Uluguru, jamani, nikumbusheni, mjomba anarithiwa na nani?"

Mstari mzima wa barabarani ulijibu kwa pamoja, kwa sababu hilo kila mtu analijua.

"Mpwa."

Rosa alimgeukia Mzee Salehe. Mnyamwezi akatazama viatu vyake. Mambo ya urithi wa Waluguru, alisema kwa unyonge, mtani hayaingilii.

Akamgeukia mjomba wake. Mzee Fransisko alikuwa ameshavua ile kofia ya ngozi. Aliivuta masikio, akaipuliza manyoya ya kuku, akamvika mpwa wake kichwani na kumfunga mkanda wake chini ya kidevu, kwa mikono ile ile iliyombeba kwenye mvua.

"Wazee walisema kijito cha zamani kilipita karibu na mnazi pekee wa shambani," alimwambia. "Ukifika hapo, mwanangu, usifumbe macho."

Nyuma yao Kapteni Jastin akalishika pangaboi. Fundi wa mataruma, magogo bado begani, aliulizwa kama atayarudisha.

Akajibu kwamba hayajakombolewa.